Kiroba Chini ya Kitanda

Mwaka 2016 nilitoka Mpwapwa kwenda kuanza chuo Dar es Salaam nikiwa na begi la nguo, ndoo, na kiroba cha dona cha kilo 25. Mahindi yalikuwa ya shamba letu wenyewe. Mama aliyapepeta, akayapeleka mashineni yasagwe bila kukobolewa, akasimama pale pale mpaka unga wake ukaisha kutoka, maana hakutaka uchanganyike na wa mtu mwingine. Juu ya unga akapanga mfuko wa karanga, mfuko wa mlenda uliokaushwa na kutwangwa, na ubuyu uliofungwa kwenye kipande cha khanga. Akashona mdomo wa kiroba kwa uzi wa katani na ile sindano ndefu ya magunia. Alipomaliza alikipigapiga ubavuni kama mtu anayemuaga mgeni, akasema, "Haya. Hutalala njaa mjini."

Siku niliyofika hosteli nilikisukuma chini ya kitanda mpaka kikagusa ukuta. Mwenzangu wa chumba akauliza kuna nini mle. Nikamwambia ni vitabu.

Jibu lile nimelifikiria mara nyingi. Yule binti hakuwa mtu wa kucheka watu, na kama ningemwambia ukweli huenda angeniomba karanga. Aibu haikutoka kwake. Nilikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, kwenye basi moja na kile kiroba. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mlenda ni chakula cha kijijini, kwamba dona ni unga wa wasio na hela ya kukoboa, na kwamba msichana wa chuo anakula chipsi. Kupika chumbani kulikatazwa, nikapata kisingizio kizuri cha kutokigusa. Lakini ubuyu haupikwi.

Kila mwanafunzi wa mkopo anaijua bumu. Enzi zangu fedha ya chakula na malazi ilihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku, ila haitoki kwa siku. Inatoka kwa mkupuo, ya siku 60 hivi, yaani zaidi ya laki tano zinaingia mara moja kwenye akaunti ya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akipewa nauli na hela ya daftari. Wiki ya bumu, mtaa wote unanukia mafuta ya kukaangia. Chipsi mayai mchana, chipsi kuku usiku, soda kila mlo, na mwenzako akikosa unamlipia kwa sababu leo unazo. Hela yangu ya kwanza ilinifikisha siku ya 35. Siku 25 zilizobaki nilizivuka kwa pasi ndefu.

Neno hilo wanafunzi tumelitoa kwenye mpira. Badala ya kupiga pasi fupi fupi za asubuhi, mchana na jioni, unapiga moja ndefu: chai saa nne, kisha mpira unapaa mchana kutwa hadi saa kumi na moja. Chai yenyewe ni ya rangi, imekolea majani na sukari, na maandazi mawili. Jioni ni chipsi kavu, au wali wenye mchuzi wa maharage usio na maharage. Mama alipiga simu kila Jumapili. "Umekula?" "Nimekula, mama." Na kweli nilikuwa nimekula. Hakuuliza nini, kwa sababu alijua alichoniwekea.

Dalili zilikuja taratibu, nikazizoea moja moja. Nilipanda ngazi moyo ukidunda hadi masikioni. Nilisinzia darasani hata kama usiku uliopita nililala kwa muda wa saa nane. Mikono ilikuwa ya baridi katika jiji ambalo watu wanalala na feni. Kisha nikaanza kutafuna mchele mbichi. Nilinunua robo kilo dukani kwa Mangi, nikauweka kwenye kikopo ndani ya mkoba, nikawa natafuna punje kwa punje hata kwenye kipindi. Wasichana wengi wanatafuna mchele, wengine hununua vipande vya udongo sokoni, nasi tunaliona jambo la kawaida tu, kama kutafuna bigijii.

Aprili 2017, masika yamechanganya, nilikuwa napanda kwenda kipindi cha saa mbili nikaona ngazi zinafifia kuanzia pembeni. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala juu ya koti la mvua la mtu, na kijana mmoja alikuwa amenishikia miguu juu.

Daktari niliyempata zahanati alikuwa mama wa makamo. Kabla ya kipimo chochote alinivuta kope la chini kwa kidole gumba, akaangalia, akanyamaza, akavuta la pili. Kisha akauliza, "Mwanangu, unatafuna mchele au udongo?"

Nilishtuka kama mtu aliyepekuliwa mkoba. Akanieleza kwamba hamu ile ya kutafuna visivyotafunwa mara nyingi huja na upungufu wa madini chuma mwilini. Kipimo cha damu kikatoka: 8.2, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Aliuliza hedhi yangu ni ya siku ngapi na inatoka kiasi gani. Ilikuwa ya siku saba na nzito, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu nilidhani wote ndivyo walivyo. Halafu akanisukumia karatasi na kalamu, akaniambia niandike nilichokula kuanzia jana asubuhi. Niliandika mistari minne. Aliisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii chai unakunywa na chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaniambia kwamba majani ya chai yana kitu kinachoshikana na madini chuma tumboni, yakapita bila kuingia kwenye damu, na kwamba hata kile kidogo nilichopata kwenye maharage nilikuwa nakifukuza kwa kikombe. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Madini ya kwenye nyama, maini na samaki mwili unayachukua kwa urahisi. Ya kwenye maharage na mboga za majani unayachukua kwa shida, lakini ukikamulia ndimu au ukila chungwa papo hapo, yanaingia zaidi. Aliniandikia vidonge vya kunywa miezi mitatu na dawa ya minyoo, akanipa tarehe ya kurudi kupima. Rafiki zangu walinichangia juisi ya rozela na bitiruti, nikaipokea kwa shukrani, lakini yule mama alikuwa ameshanionya: damu haiongezeki kwa sababu kinywaji ni chekundu.

Baadaye nilikutana na takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16. Asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Karibu nusu. Nilifikiria foleni yetu ya chipsi, tulivyosimama pale wasichana ishirini tunacheka, na vikopo vya mchele mikobani.

Usiku ule niliotoka zahanati nilivuta kiroba.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Mwenzangu alinisaidia, naye hakuuliza kuhusu vitabu. Nilikata uzi wa mama kwa wembe. Khanga ya ubuyu ilikuwa salama. Mlenda ulikuwa salama, mkavu, unanukia nyumbani kabisa. Nusu ya karanga zilikuwa zimeingiwa na wadudu. Nilipochota unga kwa kiganja, ulikuwa umeshikana mabonge, na ndani ya mabonge kulikuwa na utando mwembamba kama wa buibui na vijidudu vyeusi vinatembea. Niliweka chembe ulimini. Ulikuwa mchungu.

Sikujua kitu ambacho kila mama wa kijijini anakijua. Sembe inakaa miezi kwa sababu mashine imeshaondoa pumba na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta ya punje, pamoja na vitamini na madini mengi. Dona inabaki na vyote, kwa hiyo inashibisha vizuri na ina faida mwilini, lakini yale mafuta yakikaa kwenye joto yanaharibika. Wiki chache za joto la Dar zinatosha. Mimi nilikuwa nimeiacha miezi sita.

Nililia. Siyo kwa sababu ya unga, maana unga unanunuliwa. Nilimwona mama amesimama mashineni mpaka mwisho ili usichanganyike. Kilo 25 za chakula alichokilima, zilikuwa zimelala nusu mita chini ya mgongo wangu, huku mimi juu yake nikiishiwa damu. Asubuhi ule unga tuliupeleka kwa mama mmoja wa jirani anayefuga kuku.

Kwa kuwa bado nilikuwa hosteli na sikuruhusiwa kupika, mabadiliko ya kwanza niliyafanyia kwa mama ntilie, na hapa nataka nikae kidogo, maana wanafunzi wengi hudhani bila jiko hakuna la kufanya. Mama niliyekuwa nakula kwake alikuwa na masufuria sita mbele yake. Siku zote nilikuwa namwambia "wali maharage", naye anajaza wali mlima, anamwagia mchuzi juu, na pembeni anabandika mboga kama kidole gumba. Siku moja nilimwambia, "Shikamoo mama. Naomba leo wali nusu, maharage mazito, na mboga nyingi." Akaniangalia. "Unaumwa?" Nikamwambia damu imepungua. Kuanzia siku ile hakuningoja niseme. Alinipakulia matembele hadi yafunike nusu ya sahani, siku nyingine kisamvu, siku nyingine vijiko viwili vya dagaa bila kuongeza bei, na alikuwa na ndimu alizozikata robo robo kwa ajili ya wateja wa supu, basi robo moja ikawa yangu. Yote hayo yalikuwa shilingi 1,500. Chipsi mayai ilikuwa 2,000. Nilikuwa nimelipa zaidi, miezi yote ile, ili nipate kidogo.

Mtu aliye nyuma ya meza ya chakula anahitaji kuambiwa tu. Tunapanga foleni kimya, tunapokea tulichopewa, kisha tunalalamika kwamba chakula cha nje ni kibaya. Nimekula kwa mama ntilie watano tofauti tangu hapo, na hakuna aliyewahi kukataa kubadilisha sahani yangu.

Ubuyu niliuweka kwenye kile kikopo cha mchele. Kila hamu ya kutafuna iliponijia, mkono ulikutana na ubuyu. Unga wake mweupe una vitamini C kwa wingi, na sikuwa nimejua kwamba mama alinifungia dawa ya kusaidia mboga kufanya kazi. Yeye mwenyewe alinifungia kwa sababu naupenda.

Mwaka wa pili tulipanga chumba Sinza, wasichana watatu: mimi, mwenzangu wa Lushoto, na mwingine wa Ukerewe. Tulichanga mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili na mwiko. Bumu ilipotoka, kabla ya mtu kununua hata vocha, kila mmoja alitoa shilingi 90,000 zikakaa kwa yule wa Lushoto, ambaye alikuwa na roho ya mkaguzi wa hesabu. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Tandale, ambako nafaka zinauzwa kwa jumla. Maharage, choroko, mchele, unga, karanga. Dagaa wa Mwanza alikuwa akija nao yule wa Ukerewe kila likizo, ameshawachambua vichwa na mchanga. Mboga na nyanya tulinunua gengeni kila jioni, fungu moja au mawili.

Maharage ndiyo yaliyotufundisha kuishi pamoja. Mtu anayelala wa mwisho analoweka. Asubuhi anayeamka wa kwanza anamwaga maji yale, anaweka mapya, anabandika sufuria kwa moto mdogo huku anasoma. Akisahau kuloweka, gesi inaisha kabla ya mwezi, na wote watatu tunajua ni nani. Tulipika sufuria la siku mbili. Nilipofika nyumbani saa moja usiku nimechoka, sikuwa na uamuzi wa kufanya. Chakula kipo, kinapashwa. Naamini hapo ndipo nilipopona tabia ya chipsi, maana chipsi ni chakula cha mtu aliyefika jioni hajapanga kitu, na kibanda cha chipsi ndicho pekee kinachomngoja hadi saa sita usiku kikiwa na taa.

Nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Namba ile ilinitisha, nikaiona ni ya watu wenye friji. Basi nikachukua fungu la mchicha na machungwa mawili, nikamwomba Mangi aniwekee kwenye mizani yake ya sukari. Akacheka, akaweka. Ilipita 400. Mangi mwenyewe akaita mteja mwingine aje aangalie. Vyote pale mezani vilikuwa vya shilingi 500.

Soda niliiacha kwa hesabu hiyo hiyo. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, nami nilikuwa nakunywa mbili kwa siku.

Nisifanye ionekane kama nilinyooka moja kwa moja. Mitihani ya mwaka wa pili ilinirudisha nyuma wiki tatu nzima. Nilikesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, nikarudia pasi ndefu, nikanywa chai na chakula kwa sababu chai ndiyo iliyokuwa karibu. Siku ya mtihani wa tatu mikono ilitetemeka nikashindwa kuandika vizuri. Yule wa Ukerewe hakunisema. Alinipikia uji wa ulezi, akatia karanga zilizotwangwa, akausukuma juu ya daftari nililokuwa nasoma ili nishindwe kufungua ukurasa mpaka niumalize. Mtu anayekula peke yake hana wa kumsukumia bakuli namna hiyo, na nimeona wanafunzi wenye hela kuliko sisi wakidhoofika kwa kukosa hilo.

Kuhusu damu: nilimaliza vidonge vyote, ingawa vilinifungisha choo na kukigeuza rangi kuwa cheusi, mambo ambayo daktari alinitahadharisha mapema nisije nikaviacha. Nilipopima baada ya miezi mitatu ilikuwa 12.1. Nasema haya kwa makusudi. Matembele peke yake yasingenitoa kwenye 8.2, na msichana mwenye hedhi nzito akiishia kwenye juisi na ndimu bila kupima anajidhulumu. Chakula kilifanya kazi nyingine, ile ya kuhakikisha siporomoki tena vidonge vilipoisha. Hamu ya mchele iliondoka kabla hata sijaona. Siku moja niligundua tu kwamba nimepita kwa Mangi bila kununua.

Likizo ndefu nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ametandaza majani ya mlenda juu ya mkeka, nami nikakaa kumsaidia kuyageuza. Akauliza, bila kuniangalia, "Ile dona ilikutosha?"

Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia ndiyo. Nikamweleza yote: kitanda, vitabu, ngazi, wembe, unga mchungu, kuku wa jirani. Aliendelea kugeuza majani. Alipofika ukingo wa mkeka alinyanyuka, akaingia ndani, nikasikia anahamisha vitu. Nilidhani amekasirika. Alirudi na mfuko wa kilo tano.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Dona haikai. Nilitaka ujisikie una nyingi." Akaanza kukunja mdomo wa mfuko upya. "Nitakuwa natuma hii hii, kila mwezi. Iliyosagwa juzi."

Alituma. Kila mwisho wa mwezi kondakta alinipigia nikiwa Sinza, nikapanda daladala hadi Ubungo, nikasimama kati ya mabasi yanayoingia usiku na kutaja jina langu, na mfuko ukashushwa dirishani, wakati mwingine bado una uvuguvugu wa injini. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshasikia kwa simu kwamba mzigo umefika. Maji ya ugali yalikuwa yameshabandikwa.